Ndugu yuko gereza la Butimba, rufaa bado: namna ya kuomba dhamana baada ya hukumu

Wiki ya kwanza baada ya hukumu ndiyo familia nyingi huharibia mambo. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mwanza, si wakili, na nimekaa benchi moja na watu wengi waliotoka mahakamani macho mekundu. Swali lao huwa lile lile: "Mdhamini tunaye, tena ana nyumba Nyakato. Ndugu yetu anatoka lini?" Nami nauliza langu: notisi ya rufaa mmeshaitoa? Hapo ndipo wanapoanza kutazamana.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya huko kutazamana. Unamhusu mtu aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi, akafungwa, na anataka kukata rufaa Mahakama Kuu. Aliyefungwa na Mahakama ya Mwanzo njia yake ni nyingine: rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30.

Hii si dhamana mliyoizoea

Kesi ilipokuwa inaendelea, ndugu yenu alikuwa analindwa na Katiba. Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Ndiyo maana ilitosha kupeleka wadhamini wawili na barua ya mtendaji. Hakimu akishatamka "nakutia hatiani", ngao hiyo imeondoka. Sasa yeye ni mfungwa kwa mujibu wa sheria, hukumu ni halali mpaka itenguliwe, na anayetaka atoke ndiye mwenye kazi ya kueleza kwa nini.

Mlango uliobaki ni kifungu cha 368 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. (Namba zote hapa ni za matoleo tuliyoyazoea. Toleo la Urekebu la 2023 lilianza kutumika Julai 2025, kwa hiyo usinakili namba kwenye ombi lako bila kuikagua kwenye toleo jipya.) Kifungu hicho kinasema kwamba rufaa ikishaingizwa, Mahakama Kuu au mahakama ile ile iliyomfunga inaweza, kwa sababu za msingi zitakazoandikwa, kutoa moja ya amri mbili. Ya kwanza ni kumwachia kwa dhamana. Ya pili ni kusimamisha utekelezaji wa adhabu, na hapo anabaki gerezani kama mahabusu. Ombi lako liseme wazi unataka ipi, maana ile ya pili haimrudishi mtu nyumbani.

Kabla ya kuandika chochote, pigeni hesabu

Kijana amekamatwa na kokoro, ule wavu wa kukokota uliokatazwa, akahukumiwa kulipa faini au kwenda jela. Familia inachanga kumtafuta wakili wa kuomba dhamana, na fedha zinazochangwa zinakaribia ile faini. Lipeni faini! Kulipa hakuwafungii mlango wa rufaa, na mkishinda mahakama inaweza kuamuru fedha zirudishwe. Naona aibu kulieleza jambo dogo hivi, lakini nimeona kijana akikaa ndani wiki nzima kwa sababu mjomba aliona kulipa ni kukubali kosa.

Hesabu ya pili ni ya muda. Chukueni kifungo cha miezi 18. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inampa mfungwa mwenye tabia njema msamaha wa theluthi moja, kwa hiyo atatumikia miezi 12. Kama nakala za mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, zitachelewa miezi minne, na rufaa ikachukua mingine sita, atashinda rufaa akiwa amebakiza miezi miwili tu. Hoja hii ina uzito mbele ya jaji, kwamba rufaa itakuja kuamuliwa kifungo kimeshaisha. Iandikeni pembeni, mtaihitaji.

Kinyume chake, aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hana hoja hiyo. Kosa lenyewe halina dhamana hata kabla ya hukumu. Familia ya namna hii naishauri fedha na nguvu zote ziende kwenye rufaa yenyewe.

Na kifungo kisichozidi miaka 3 kina njia nyingine inayosahaulika: kutumikia jamii nje ya gereza, chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Muulizeni ofisa wa huduma za uangalizi. Kufagia uwanja wa zahanati si dhamana, lakini jioni mtu analala kwake.

Hatua ya kwanza: notisi, siku 10

Kifungu cha 361 kinampa aliyefungwa siku 10 kutoa notisi ya nia ya kukata rufaa. Siku ya hukumu haihesabiwi. Hukumu ikisomwa tarehe 3, mwisho ni tarehe 13. Msimsubiri wakili. Msisubiri nakala ya hukumu. Notisi ni karatasi moja: kichwani Mahakama Kuu, jina la mfungwa kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka hata kama limekosewa, namba ya kesi, mahakama iliyomhukumu, tarehe, na maneno kwamba hakuridhika na anakusudia kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani na adhabu, au adhabu peke yake.

Aliye gerezani anaweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza. Butimba kazi hii wameizoea: mfungwa anasaini au anaweka dole gumba, inagongwa muhuri, inapelekwa. Siku ya kumtembelea, swali la kwanza kabla ya habari za watoto ni hili: "Umeshaweka dole?" Akisema ndiyo, muulize tarehe, uiandike.

Siku zikipita haijaisha. Mahakama Kuu inaweza kupokea rufaa iliyochelewa ikiona sababu nzuri. Ila hilo ni ombi lingine lenye foleni yake, na huku nyuma hakuna rufaa ya kuombea dhamana.

Hatua ya pili: nakala

Ombeni kwa barua nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, siku ile ile ya notisi. Barua iwe na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki nayo. Ile yenye muhuri ni mali. Muda uliotumika kungojea nakala hauhesabiwi kwenye siku za rufaa, na muhuri ndio unaoonyesha mlianza kungojea lini.

Zikitoka, zisomeni palepale dirishani. Mama mmoja muuza dagaa alinijia na hukumu aliyoifunga kwenye kitenge. Ukurasa wa tatu haukuwepo, na huo ndio hakimu alioeleza kwa nini alimwamini shahidi wa pili. Tulirudi. Wiki mbili zikapotea kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa dakika moja.

Hatua ya tatu: hati ya rufaa

Siku 45, ukiondoa zile za kungojea nakala. Hapa ndipo dhamana inaposhinda au kushindwa, na ndipo watu wanapopita mbio. Sheria inasema "baada ya rufaa kuingizwa". Ombi la dhamana lililotangulia rufaa, likiegemea notisi tupu, linaweza kutupwa kabla hata hujasimama kusema. Subirini hati ya rufaa ipokelewe na kupewa namba. Namba hiyo ndiyo mnayoiandika kwenye ombi.

Sababu za rufaa ziwe chache na ziume. "Hakimu alikosea kisheria na kiukweli kunitia hatiani" haisemi kitu, na Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuitupa rufaa dhaifu bila hata kuisikiliza kwa pande zote. Semeni kosa lenyewe: hati ya mashtaka haitaji kosa lililopo kisheria; mtuhumiwa alitambuliwa usiku bila maelezo ya mwanga; adhabu imezidi kiwango cha sheria; kielelezo kilipokelewa bila kusomwa mahakamani.

Kwa aliyekiri kosa, njia ni nyembamba. Kwa kawaida anaruhusiwa kupinga adhabu tu. Lakini angalieni alivyokiri. Mtu akisema "ni kweli" halafu akaongeza "ila nyavu zilikuwa za tajiri wangu, mimi nilipewa tu", huko si kukiri kwa wazi, na rufaa ya namna hiyo ina miguu.

Jambo moja wakili wenu akilisahau, mkumbusheni: Mahakama Kuu inaweza pia kuongeza adhabu. Anayepinga miezi sita kwa kosa ambalo sheria inaruhusu miaka mitano ajue anachokiamsha.

Hatua ya nne: ombi lenyewe

Mnaweza kuliwasilisha mahakama iliyomfunga au Mahakama Kuu, Masijala Ndogo ya Mwanza. Kisheria zote zina mamlaka. Kwa maoni yangu, pelekeni Mahakama Kuu. Kumwomba hakimu akubali kwamba hukumu aliyoiandika juzi ina dalili zote za kuanguka ni kumtwisha mzigo ambao wachache huubeba.

Ombi linakuwa na sehemu mbili: maombi ya chemba, yanayotaja kifungu na amri inayoombwa, na kiapo kinachoyaunga mkono. Mleta maombi ni mfungwa, mjibu maombi ni Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Siku hizi mawakili wanasajili kwa mfumo wa kielektroniki wa mahakama. Asiye na wakili aende masijala akasaidiwe, au apitie kwa mkuu wa gereza.

Kiapo ndicho kinachosomwa. Ni mahali pa mambo yaliyotokea. Sala, hasira na hoja za sheria hazina nafasi humo. Aya zake ziwe fupi hivi:

"Kwamba nilihukumiwa kifungo cha miezi 18 na nimeshatumikia miezi 3. Kwamba nimekata rufaa, na hati yangu imepokelewa na kupewa namba iliyotajwa hapo juu. Kwamba hati ya mashtaka niliyosomewa, ambayo nakala yake naiambatanisha, haitaji kifungu kinachounda kosa. Kwamba kabla ya hukumu nilikuwa nje kwa dhamana kwa miezi 14 na sikukosa tarehe hata moja. Kwamba nina makazi ya kudumu Igoma."

Ambatanisheni hukumu, hati ya rufaa, na barua ile yenye muhuri. Kisha mkague sehemu ya mwisho, anaposaini Kamishna wa Viapo: mahali pawepo, tarehe iwepo. Nimeshuhudia kiapo kizuri kikitupwa kwa kukosa tarehe. Mzee wa familia alifunga safari yote kutoka Ukerewe kuja kusikia hivyo.

Sababu zinazosikika na zisizosikika

Mawakili watakutajieni uamuzi wa mwaka 1958, Raghbir Singh Lamba, uliomo kwenye ripoti za kesi za Afrika Mashariki. Ni wa zamani kuliko uhuru wetu na bado unatajwa. Msimamo wake, kwa maneno ya kawaida, ni kwamba dhamana kwa aliyekwisha kutiwa hatiani inataka sababu za pekee, zisizo za kawaida, na kubwa kuliko zote ni rufaa ambayo ukiitazama tu unaona itashinda. Hawasemi "ina hoja". Inatakiwa iwe na nafasi kubwa mno ya kushinda.

Sasa tazameni kinacholetwa na familia. Ndiye anayelisha nyumba. Watoto wamerudishwa shule kwa ada. Mama yake ni mgonjwa. Hajawahi kuiba hata sindano, mwenyekiti wa mtaa shahidi. Yote ni kweli, na yote mahakama imekwishayasikia kwa kila mfungwa mwenye familia. Jela humuumiza kila mtu namna hiyo, kwa hiyo hakuna la pekee hapo. Sisemi yafutwe, maana jaji naye ni binadamu, lakini yakae aya moja, mwishoni. Nimewahi kusoma kiapo cha kurasa nne ambamo neno "rufaa" limetokea mara mbili na neno "watoto" mara kumi na tisa. Nilihesabu.

Kinachobeba ombi ni hiki: kasoro ya kisheria inayoonekana kwa macho, kwa mfano adhabu isiyoruhusiwa au mashtaka mabovu, kifungo kifupi ambacho kitaliwa na kungojea, na ugonjwa mzito ambao daktari ameandika kwamba matibabu yake hayawezekani mtu akiwa mfungwa. Kwa hili la mwisho cheti kiwe na maelezo, kisiwe "apumzike". Jamhuri itajibu kwamba gereza lina zahanati na wagonjwa hupelekwa hospitali kubwa, na jibu hilo lina nguvu kama daktari hakueleza zaidi.

Kuhudhuria vizuri kabla ya hukumu kunasaidia, ila peke yake hakutoshi. Mtu asiyejua mwisho wake hurudi mahakamani kwa matumaini. Aliyekwisha kuonja jela ana sababu mpya ya kukimbia, na wakili wa serikali hatasahau kulisema hilo.

Hatua ya tano: wadhamini, na ziwa

Kwa mtu wa ziwani hofu ya kutoroka ina sura yake. Mvuvi wa dagaa anafuata giza: usiku usio na mwezi yuko Ukara na karabai zake, mwezi ukiwaka yuko nyumbani, msimu ukigeuka yuko mwalo mwingine kabisa. Na ng'ambo ya maji hayo ni Uganda na Kenya. Jaji analijua ziwa hili kama sisi.

Kwa hiyo tafuteni mdhamini asiyehama: mwenye nyumba, mtumishi wa umma, mfanyabiashara mwenye banda lake mwaloni Kirumba ambaye kila mtu anajua pa kumpata. Awe na kitambulisho cha NIDA, barua ya mtendaji inayotaja nyumba anayoishi, na hati au uthibitisho wa mali atakayoiweka. Mweleze ukweli mapema: mrufani akitoweka, yeye ndiye atakayelipa ile bondi, yaani fedha aliyojifunga kuilipa. Shemeji akisitasita, msimlazimishe. Ni afadhali ajitoe leo sebuleni kuliko siku ile kizimbani.

Siku ya kusikilizwa wadhamini walale mjini. Anayetoka Sengerema amepumua tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Wa Nansio bado anategemea meli. Dhamana inaweza kukubaliwa saa nne asubuhi, mdhamini akafika saa tisa, na karandinga likaondoka na mtu wenu kurudi Butimba akiwa na dhamana yake mkononi.

Vishoka

Nje ya mahakama yoyote utamkuta kijana mwenye bahasha ya kaki, akikuita "mama mkubwa", anayemjua "mtu wa ndani". Dhamana haiuzwi. Ikiamriwa fedha taslimu iwekwe, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali na unapewa risiti. Fedha nyingine yoyote unayoombwa koridoni ni yake yeye. Msio na uwezo ulizeni msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu mwaka 2017. Kuna mashirika yaliyosajiliwa, na kuna wasaidizi wa kisheria ngazi ya kata ambao huduma yao ni bure.

Siku yenyewe

Jamhuri inaweza kuleta kiapo kinzani. Kisomeni, na kama kina uongo, jibuni kwa kiapo, msijibu kwa kelele. Mbele ya jaji, elezeni kwanza kasoro ya hukumu, kisha hesabu ya miezi, kisha wadhamini. Na mwisho ongezeni ombi mbadala: kama mheshimiwa hataona vyema kutoa dhamana, basi rufaa ipangiwe tarehe ya karibu. Hili nalipenda kuliko yote. Jaji anayesita kumwachia mfungwa mara nyingi hasiti kuisikiliza rufaa mapema, na kwa mwenye hoja nzuri huo ni ushindi ule ule kwa njia nyingine. Mkiwa na haraka ya kweli, ombi liambatane na hati ya dharura inayoeleza haraka hiyo ni ipi.

Wanaokwenda mbele zaidi, Mahakama ya Rufani, notisi ni siku 30 na ombi la dhamana linapelekwa huko huko. Ni nadra kukubaliwa, na hapo msiende bila wakili.

Akitoka

Someni masharti kabla ya kupiga vigelegele: kutovuka mkoa, kukabidhi pasipoti, kuripoti siku fulani. Mvuvi aulize wazi kama kwenda visiwani ni kuvunja sharti, asijijibu mwenyewe. Siku anazokaa nje kwa dhamana hazihesabiwi kwenye kifungo. Rufaa ikishindwa anarudi kumalizia miezi yote iliyobaki, kama vile saa ilisimama, na anarudi kwa miguu yake akiongozana na mdhamini. Nakala ya amri ya dhamana atembee nayo mfukoni, ndani ya nailoni isilowe, maana askari wa mtaani aliyesikia kwamba kafungwa hana habari kwamba katoka.